Tumestaafu wote wawili, na sasa mke wangu amehama kwa sababu ya usingizi wangu wa mchana

Wakuu, salaam. Mlio wakubwa kwangu shikamooni, ingawa humu ndani sidhani kama mko wengi.

Mimi nimekuwa msomaji tu. Nasoma nyuzi zenu za ndoa, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo zamu imenifikia.

Haya ni ya nyumbani kwangu, na mke wangu mwenyewe, Mama Kadzo, yuko hai, ana simu, na ana ndugu wanaopita humu. Nikiongeza chumvi nitasutwa mchana kweupe. Kwa hivyo naandika yalivyokuwa.

Mimi ni Mgiriama, nakaa Changamwe. Nimekula ujana wangu bandarini, upande wa Kipevu, nikiendesha kreni za makontena. Na karibu maisha yote ya kazi nilikuwa naiti. Wenzangu walizungushwa shifti, mimi niliomba usiku nikaachiwa usiku, kwa sababu mchana kule juu kwenye kibanda cha kreni jua linakuchemsha kama muhogo.

Mama Kadzo alikuwa kiwanda cha nguo, mchana. Safu kwa safu za cherehani, zote zinalia kwa pamoja. Huko ili mwenzako akusikie lazima upige ukelele.

Ndoa yetu basi ilikuwa hivi. Asubuhi mimi nashuka steji, yeye yuko hapo hapo anangoja gari. Ananitia ufunguo mkononi. "Mboga iko kwa sufuria. Maji hayajakuja. Kadzo amekohoa usiku." Gari lake likifika anapanda, mimi naenda kulala.

Jioni anarudi, mimi naamka, namrudishia ufunguo mlangoni, natoka.

Watoto wakiwa wadogo walishinda kwa Bi Mwanaisha, jirani yetu wa ukuta mmoja, Mungu amzidishie. Walipokua kidogo wakawa wanashinda nyumbani, na kila mtoto wa mtaa ule alijua neno moja kuhusu nyumba yetu: "Baba Kadzo amelala."

Nataka hapa mnielewe, maana najua mtakavyonirukia. Mimi sikuwahi kumwambia mtu anyamaze. Sikuwahi kumpiga mtoto kwa sababu ya kelele. Ni mambo yaliyojipanga yenyewe. Mtu anayeendesha kreni bila kulala ataua mtu, kila mmoja alilijua hilo, basi nyumba ikashusha sauti. Mama Kadzo alifunga kipande cha leso kuukuu kwenye kitasa cha mlango ili usibamize. Redio ikawa ya kusikilizwa kwa kuibandika sikioni.

Na hatukugombana. Watu wakisema ndoa ni ngumu, mimi nilikuwa nashangaa wanazungumzia nini.

(Wewe unayetaka kuandika kwamba hatukupata nafasi ya kugombana, usijisumbue. Nimeshajiambia.)

Yeye alitangulia kustaafu. Mimi nikafuata mwaka jana, baada ya masika. Nilidhani nikiacha kazi usingizi utarudi mahali pake penyewe, pa usiku, kama wa watu wote.

Wapi! Usiku niko macho kama bundi, nahesabu mabati. Kukipambazuka nikinywa chai tu, kope zinakuwa nzito kama zimetiwa risasi. Nalala mpaka alasiri. Nimejaribu dawa za kienyeji, nimejaribu kutembea, nimejaribu maombi. Bi Mwanaisha akanitania siku moja ukutani, "Baba Kadzo, wewe umestaafu kazi, usingizi wako bado uko zamu."

Tulicheka. Mama Kadzo naye alicheka, lakini kwa mkono mdomoni. Sikutilia maanani.

Sasa Jumatatu ya wiki ninayowasimulia, tunakunywa chai kwa mihogo. Akaniambia, "Baba Kadzo, Jumapili naenda kwetu Kaloleni."

Nikamuuliza, "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi unaenda kwa nini?"

"Naenda kukaa."

"Kukaa mpaka lini?"

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Kukaa," akasema.

Nyumba ya marehemu mamake iko kwenye boma la kaka yake, imefungwa muda mrefu. Kumbe alikuwa ameshamwambia kaka yake aipige bati upya. Kumbe imepigwa. Mimi niko ndani ya nyumba hiyo hiyo naye, na sina habari.

Nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama kuna maneno ameyasikia ya watu. Akasema hakuna. Nikapandisha sauti kidogo, nakubali, nikamwambia mtu mzima haondoki kwake bila sababu.

Ndipo akasema, kwa ile sauti yake ya chini niliyoizoea, "Nimechoka kunong'ona. Nataka mahali ambapo nikiita kuku, niite kuku."

Wakuu, nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia, "Hapa nani kakukataza kuita?"

"Hakuna aliyenikataza," akasema, akaondoa vikombe. Na vikombe vile viliondoka mezani bila kugongana. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikiliza jambo hilo. Sinia, vikombe, vijiko, vyote vimefika jikoni na sikio langu halikupata kitu.

Nikajiambia nina wiki nzima mbele yangu, mke wangu haendi popote. Mimi nimenyanyua makontena, nitashindwa na mzigo wa mama mmoja?

Kesho yake nikakataa kulala. Yeye na Bi Mwanaisha huenda soko la Kongowea kununua vitunguu na maharagwe kwa bei ya jumla, wanagawana. Nikasema leo nakwenda nanyi. Wakatazamana wale wanawake wawili, wakanikubalia kama anavyokubaliwa mtoto.

Anayeijua Kongowea anaijua. Malori ya bara yanashusha, wapagazi na mikokoteni yao wanakupigia kelele upishe, matope, watu. Mimi na usingizi wangu kichwani nikaachwa nyuma kwenye magunia ya viazi. Nikasimama hapo kupumua.

Nikasikia mwanamke anacheka upande wa pili wa magunia.

Kicheko kikubwa, cha tumboni, kinachopanda na kushuka. Halafu sauti yake, inamtania muuzaji, "Wewe nawe! Vitunguu hivi umevitoa shamba au umevifufua kaburini?" Na watu wote pale wakaangua kicheko. Sauti nzito, tamu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nikawaza moyoni, yule mama ana raha zake, mumewe lazima ni mtu wa bahati.

Nikazunguka magunia nimwone.

Niliijua leso kwanza. Sauti sikuijua, wakuu. Wallahi, kama wasemavyo majirani zangu, sikuijua. Nimeoa nikiwa kijana, nina wajukuu, na sauti ya mke wangu nimeisikia Kongowea kwa bahati mbaya nikiwa mzee.

Yule muuzaji akaniona nimeduwaa. "Mzee, humjui Mama Kadzo? Soko zima linamjua huyu!"

Hapo akageuka akaniona. Na mbele ya macho yangu ile sauti ikaingia ndani kama kobe. Akanisogelea akaniuliza kitu. Katikati ya kelele zile zote za malori na mikokoteni, alininong'oneza, na sikusikia hata neno. Nikasoma midomo tu. Alikuwa ananiuliza, "Umechoka?"

Nikasema sijachoka. Tukarudi nyumbani.

Nataka niseme waziwazi nilivyojisikia, maana humu tumezoea kujifanya simba. Nilijisikia kama mtu aliyekaa na mgeni nyumbani miaka yote, akamlisha, akazaa naye, na hakuwahi kumkaribisha.

Basi Jumatano nikamwambia, waite wale akina mama wa maombi. Kanisani kwetu wana desturi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kila wiki, wanaimba, wanapiga kayamba, wanakunywa chai. Kwetu hawajawahi kufika, hamhitaji kuambiwa kwa nini. Nikamwambia waite leo, mimi nitakaa nao sebuleni, nitaimba nao. Alinitazama sana. Akawaita.

Nilikunywa kahawa tungu mpaka mikono ikatetemeka. Nilinawa uso. Nilivaa shati la Jumapili. Wakaingia akina mama wamependeza, kayamba wamebeba, nikawasalimu mmoja mmoja, nikakaa kwenye kiti changu.

Wimbo wa kwanza niliusikia mwanzo wake.

Nilipofumbua macho, jua limeshageukia dirisha la pili. Na akina mama wale walikuwa wanatoka. Wanatoka mmoja mmoja, kwa ncha za vidole, viatu wameshika mkononi. Yule mwenye kayamba ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga ili isitoe mlio. Na Mama Kadzo amesimama mlangoni, ameshika kitasa kwa mikono miwili, anawaaga kwa kutikisa kichwa.

Baadaye Bi Mwanaisha aliniambia kwamba mke wangu hakuwaambia wanyamaze. Waliniona nimelala tu, wakashusha sauti. Wimbo ukafa katikati, maombi wakayafanya kwa kunong'ona, chai wakainywa bila kukoroga sukari. Wageni, wakuu! Hawajawahi kukanyaga nyumba ile, na wameshika sheria zake kwa nusu saa.

Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe ningekuwa nausoma uzi wa mtu ningecheka.

Nikajaribu na redio. Nikaiweka mezani, nikaifungulia mpaka mwisho. Nikasema nyumba hii leo itakuwa na kelele hata kama ni za matangazo ya sabuni. Mama Kadzo akapita anaenda jikoni, mkono ukatoka pembeni ukaipunguza. Nikaiongeza. Akarudi na maji, mkono ukaipunguza tena, na huku ananizungumzia habari nyingine kabisa. Mara ya tatu nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mama Kadzo, iache."

Akautazama mkono wake. Hakuwa amejua kwamba umefanya hivyo.

"Unaona?" akasema.

Akakaa chini, na mara ya kwanza wiki ile nikaona machozi yake. Naye hulia bila sauti. Nilikaa karibu yake, na kosa la kuombea msamaha silioni liko wapi. Ningekuwa mlevi ningeacha pombe. Ningekuwa na mwanamke wa nje ningemwacha. Mimi nimelala tu, jamani. Nimelala ili niende kazini, nimekwenda kazini ili wapate kula.

Ijumaa nikampigia Kadzo, binti yetu mkubwa, yuko Nairobi na familia yake. Nilitaka amwambie mamake abaki. Mimi baba mtu, ninaomba mwanangu anitetee.

Kadzo akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, mwache aende."

Nikamwambia hata wewe?

Akasema, "Baba, utotoni mimi na mdogo wangu Karisa tulikuwa tukipigana kimya kimya. Ananiuma, namuuma, tunatokwa machozi, hakuna anayelia. Mpaka leo mimi hufunga mlango kwa mikono miwili. Mume wangu hunicheka."

"Mbona hamkusema?"

"Tungesemaje, na ulikuwa umelala?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa upole sana, na ndiyo maana maneno yake yakaniingia. Akaniambia ananipenda, akaniambia nile vizuri. Nikakata simu nikakaa uani mpaka jua likazama.

Nilikuwa nimebakiwa na turufu moja, na niliibania kwa sababu ya aibu. Mnajua kwetu mwanamume kuhamia ukweni ni kujivua nguo hadharani. Utakaa chini ya shemeji yako, utakula kwake, watoto wake watakubandika jina la utani kisogoni. Wazee wangu wangefufuka.

Lakini Jumamosi alipoanza kukunja leso zake kitandani, niliyameza yote. Nikamwambia, "Mama Kadzo, twende sote. Nifungie nguo zangu na mimi. Watakaocheka wacheke."

Akaacha kukunja. Nikaona uso wake umelainika, nikajua nimeshinda. Alinishika kidevu, jambo ambalo hajalifanya tangu watoto wakiwa wadogo.

"Baba Kadzo," akasema, "ukija, utalala wapi mchana?"

Nikasema nitalala tu, popote, hata chini ya mkorosho.

"Ndiyo. Na kaka yangu atawaambia watoto, shemeji amelala. Na mke wake atashusha sauti. Na mbuzi watapelekwa mbali." Akaendelea kukunja. "Ukija wewe, na kule watanyamaza. Niachie mahali pale pamoja tu."

Nikamsogezea leso iliyobaki. Mngefanya nini?

Jumapili nikambebea mzigo mpaka steji. Ni ile ile steji yetu, kibanda tu ndicho kilichobadilishwa. Tulisimama kama watu wasiojuana. Gari la Mazeras, njia ya kwao Kaloleni, lilipofika, akaingiza mkono kwenye mkoba, akanitia ufunguo kiganjani, na mdomo wake ukasema wenyewe, "Mboga iko kwa sufuria."

Tulitazamana. Nadhani sote wawili tuliona kwamba hapo ndipo tulipokuwa mume na mke hasa, hapo steji, kila asubuhi, kwa muda wa gari kujaa. Nyumba ilikuwa ya kulala tu.

Akapanda. Nilirudi nyumbani nikala ile mboga kwa ugali uliopoa.

Kesho yake nilikifungua kile kipande cha leso kwenye kitasa. Nikaubamiza mlango kwa nguvu zangu zote, nisikie. Bi Mwanaisha akakimbia kuja kuuliza kuna nini. Nikamwambia upepo.

Sasa silali mchana wala usiku. Nyumba ni kimya kuliko alivyokuwa akiinyamazisha yeye, na kimya hiki sikiwezi. Kile chake kilikuwa na mtu ndani yake.

Funzo, maana najua mtaliuliza. Vijana mlio naiti, iwe bandarini, iwe ulinzi, iwe hospitali: wanaokupenda watakuzimia dunia nzima ili upumzike, na hawatakuambia imewagharimu nini. Usingoje wakwambie. Amka siku moja katikati ya mchana, siku yoyote, utoke nje uwakute wanacheka. Zijue sauti zao mapema. Mimi nimechelewa, na sioni dawa. Sitawadanganya kwamba ninayo matumaini.

Aliyepitia kitu kama hiki aseme. Hata wa kunitukana karibu, nitasoma. Saa yoyote niko macho.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ameuliza kama nimempigia simu tangu aondoke. Nimempigia leo asubuhi.

Alipokea shemeji yangu, mke wa kaka yake. Hata hatujamaliza salamu, nikasikia nyuma yake mtu anafukuza mbuzi kwenye mahindi, sauti inavuka boma zima, "Wee! Toka! Toka shetani mkubwa wewe!" na watoto wanacheka mpaka wanakohoa. Safari hii sikuhitaji leso. Niliijua.

Nilitamani shemeji asimwite. Nilitaka kusikiliza tu.

Lakini akaita, "Mama Kadzo! Simu! Ni mumeo!"

Kelele zikakatika. Watoto, mbuzi, kila kitu. Nikasikia ndara zinakuja polepole, na simu inabadilisha mikono. Halafu yeye, kwa ile sauti ya chini:

"Baba Kadzo. Nimekuamsha?"

Na mimi ndiye niliyempigia, wakuu.